Wafugaji nyuki 61 wana namba moja ya simu, 2147483647. Ni namba gani hii?

MamaAsali_Isevya

Mwangaluka wanajukwaa. Mimi nanunua asali hapa Tabora mjini, duka liko Isevya. Nina shida mbili, moja ya biashara, nyingine ni ubishi wa nyumbani kwangu.

Ya biashara. Mwaka jana kijana mmoja alinitengenezea programu ya kuwaandika wafugaji: jina, kijiji, kaleta ndoo ngapi, nimemlipa ngapi, na namba ya simu. Kabla ya hapo nilikuwa na kaunta buku, na namshukuru Mungu sikuichoma. Wiki iliyopita nilimwambia mwanangu awatumie wafugaji wote 143 ujumbe kwamba gari litapita Ipole na Kitunda Jumamosi. Gari limekwenda, limekuta watu nusu. Jumatatu asubuhi mzee mmoja wa Kitunda akashuka kwenye bodaboda mbele ya duka, ndoo mbili za asali zimefungwa nyuma kwa mipira, vumbi mpaka kwenye kope, akaniuliza: "Mama, mwaka huu umenitupa?" Nauli ya bodaboda nimelipa mimi, sikuwa na la kujitetea.

Kufungua kompyuta, namba yake ni 2147483647. Wa chini yake, 2147483647. Nimewahesabu, wako 61. Nimeipiga hiyo namba. Haipatikani, mlitegemea nini.

Sasa ubishi. Mwanangu yuko kidato cha tatu, kaja likizo. Kaitazama ile namba akasema, "Mama, hii ni namba tasa, hakuna namba inayoigawa ila 1 na yenyewe." Nikamuuliza umejuaje. Eti inajulikana. Jibu hilo mimi silipokei. Asali sinunui kwa kuambiwa ni nzuri, natumbukiza kijiti mpaka kwenye tako la ndoo, maana juu inaweza kuwa asali na chini maji ya sukari. Nikachukua kikokotoo nikaanza kuigawa: 3 haiingii, 7 haiingii, 11, 13. Nimefika 97 wateja wakaingia.

Kwa hiyo naomba kujua: imefikaje kwenye kompyuta yangu? Na ni nani huyo aliyekaa akaigawa kwa namba zote mpaka akaridhika?

(Neno lenyewe silipendi. Dada yangu aliitwa tasa miaka tisa na mawifi zake, kisha akajifungua mapacha. Lakini hayo si ya hapa.)


Kichwa_cha_Treni

Mama Asali, namba yenye wafugaji 61 haiwezi kuwa tasa. Hiyo ina watoto kumshinda babu yangu wa Urambo, na yeye alikuwa na wake wanne.


Fundi_Mwanga_Kigoma

Shikamoo mama. Kabla sijasema lolote: hao 61, namba zao ziliandikwa zikianza na 255? Na hao wengine zilianza na 0?


MamaAsali_Isevya

Marahaba mwanangu. Umejuaje? Nimekwenda kuangalia. Mimi niliingiza za kwangu kwa kuanza na 0, kama zilivyo kwenye kaunta buku. Hao 61 aliwaingiza mwanangu likizo ya mwezi wa sita, na yeye simu yake huandika 255 mbele. Wote 61 ni wake! Amekaa kimya sasa hivi, anajifanya anasoma.


Fundi_Mwanga_Kigoma

Msamehe, kosa si lake. Aliyetengeneza programu aliitengea namba ya simu kisanduku cha hesabu badala ya kisanduku cha maandishi. Kisanduku cha hesabu kina nafasi 32, kila moja inashika 0 au 1 tu. Nafasi ya kwanza ni ya kuonyesha kama namba ni hasi au chanya. Zinabaki 31. Ukizijaza zote kwa 1 unapata 1 + 2 + 4 + 8, unaendelea kuongeza mara mbili mpaka ya 31, jumla 2147483647. Hapo ndipo kisanduku kinapojaa.

Namba inayoanza na 0 kompyuta inaitupa ile sifuri, inabaki milioni mia saba na kitu, inaingia. Inayoanza na 255 ni bilioni mia mbili hamsini na kitu, haiingii. Programu nzuri ingekataa na kukuambia. Hiyo yako imenyamaza, ikaandika namba kubwa kuliko zote inazoweza kushika. Kila aliyezidi kapewa hiyo hiyo.

Mwambie fundi yeyote abadilishe safu ya simu iwe maandishi. Namba ya simu hakuna anayeijumlisha, kwa nini ihesabiwe? Ila za hao 61 zimeshapotea, hazimo mahali popote ndani ya kompyuta. Rudi kwenye kaunta buku.

Kisanduku hicho hicho kina balaa lingine. Kompyuta nyingi za zamani hupima saa kwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na zimewekewa kisanduku cha ukubwa huo. Kitajaa Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 asubuhi na dakika 14 na sekunde 7. Mpya nyingi zimeshapewa nafasi 64.

Habari ya utasa siiwezi. Hapa jukwaani kuna mwalimu wa Ujiji, akiamka atakuja.


Mwl_Mstaafu_Ujiji

Mwakeye. Nimeamka. Nimefundisha hesabu miaka 34, na wanafunzi walioniambia "inajulikana, mwalimu" niliwarudisha ubaoni. Mama Asali, uko sahihi kukataa jibu hilo, lakini kijana wako naye yuko sahihi kuhusu namba. Kaa kwenye kigoda, nitakwenda polepole.

Kwanza ondoa hofu ya kugawa kwa namba zote. Kama namba inagawanyika, vigawo huja wawili wawili, na mmoja wao hauwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yako ni 46340 na ushei. Kwa hiyo ukifika hapo hujapata kitu, simama. Na hata kabla ya hapo huna haja ya kujaribu 4 wala 6 wala 9, unajaribu namba tasa peke yake. Hizo bado ni elfu nne na mamia. Kwa kalamu ni kazi ya kukuzeesha.

Sasa angalia umbo la namba yako. Fundi amekuambia ni 1 thelathini na moja zilizopangwa mstari. Yaani ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Mstari wa namna hiyo una siri. Chukua mfano wa hesabu zetu za kawaida: 999999 ina 9 sita. Unaweza kuzikata mbili mbili, 99 99 99, kwa hiyo 99 inaigawa. Unaweza kuzikata tatu tatu, 999 999, na 999 inaigawa. Na kwa zile 1 za kompyuta ni hivyo hivyo. Ukiwa na ndoo 15 unaweza kuzipanga safu za tatu tatu au tano tano, basi 2 kwa kipeo cha 15 toa 1, yaani 32767, inagawanyika: kwa 7 kutoka safu za tatu, kwa 31 kutoka safu za tano. Jaribu. Ndoo 31 huwezi kuzipanga safu zozote zilizo sawa. Kwa hiyo mlango huo umefungwa.

Wengi husimama hapo wakasema basi, ni tasa. Hapana! Ndoo 11 nazo hazipangiki, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Mlango mmoja umefungwa, dirisha liko wazi.

Aliyefunga dirisha la namba yako ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel huko Uswisi, mwaka 1772. Alikuwa Saint Petersburg wakati huo, macho yamekwisha karibu yote, hesabu anazifanya kichwani na wasaidizi wanaandika. Alitumia kanuni ya Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyecheza na namba kama wazee wa hapa Ujiji wanavyocheza bao. Kanuni inasema hivi: kigawo tasa chochote cha namba yenye 1 thelathini na moja, ukikigawa kwa 62 lazima kibaki 1. Kwa nini 62? Ni 31 mara mbili. Hakikisha kwa 2047, ambayo ni ya 11, kwa hiyo tumia 22: 23 ni 22 na baki 1. 89 ni 88 na baki 1. Umeona? Na kuna sharti la pili: kigawo hicho ukikigawa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. 23 inabaki 7, 89 inabaki 1.

Unganisha masharti mawili na utapata kwamba wanaostahili kujaribiwa ni wale tu ambao ukiwagawa kwa 248 wanabaki 1 au 63. Mpaka 46340 wako 373, ukiiacha 1 yenyewe. Na wengi kati yao unawafukuza kwa kuwatazama: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 745 inaishia na 5. Wa kwanza anayestahili kweli ni 311, anayemfuata ni 1303. Ukichuja wote, walio tasa hawafiki 100. Euler akawapitia, hakuna aliyeingia.

Hiyo ndiyo kazi yote, Mama Asali. Si namba zote, ni chini ya 100 zilizochaguliwa kwa hoja. Anza na 311, uniambie inabaki ngapi.


MamaAsali_Isevya

Shikamoo Mwalimu. Nimegawa kwa 311, inabaki 35. Kwa 1303 inabaki 226. Mwanangu amekagua. Nimeelewa habari ya ndoo kuliko nilivyoelewa hesabu zote za darasa la saba.

Lakini bado jambo moja linanikereketa. Euler nimemwamini kwa sababu umeniambia wewe. Je, kama aliruka mmoja?


Mwl_Mstaafu_Ujiji

Marahaba mama, na swali hilo lina historia yake. Mwaka 1644 mtawa mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo, mpaka 257, ambavyo alisema vinatoa namba tasa za umbo hili. Ndiyo maana mpaka leo zinaitwa namba za Mersenne. Kipeo cha 31 kilikuwemo, na alipatia. Lakini aliweka 67 na 257, ambavyo si vyake, akasahau 61, 89 na 107. Alikuwa mtu wa kuheshimika, watu wakabeba orodha yake zaidi ya miaka 200. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Cole alionyesha kwamba ile ya 67 ni 193707721 mara 761838257287. Inasimuliwa alisimama mbele ya wenzake New York, akazidisha ubaoni tarakimu kwa tarakimu, akarudi kukaa bila kutamka neno. Ningetoa mshahara wa mwezi kuwa dirishani siku hiyo.

Kwa hiyo usimwamini Euler, mpime. Kipo kipimo ambacho yeye hakuwa nacho. Kilianzishwa na Mfaransa Édouard Lucas miaka ya 1870, Mmarekani Derrick Lehmer akakinyoosha baadaye. Hakitafuti kigawo hata kimoja. Unaanza na 4. Unazidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, unatoa 2, unagawa kwa namba unayoipima na kubakiza baki. Hiyo ni hatua moja. Ukipima ya kipeo cha 31, unapiga hatua 29, daima mbili pungufu ya kipeo. Ukiishia kwenye sifuri, ni tasa. Ukiishia kwenye kitu kingine, si tasa, hata kama hujui inagawanywa na nini. Sababu yake ni ndefu, ni ya chuo kikuu. Lakini kipimo chenyewe mtu mwenye kikokotoo anakiweza. Jaribu na kipeo cha 7, yaani 127, hatua tano. Kisha jaribu 2047, hatua tisa.


Kichwa_cha_Treni

Mwalimu, nauliza swali la mtu wa mtaani: namba hiyo ina faida gani?


Mwl_Mstaafu_Ujiji

Peter Barlow wa Uingereza aliuliza karibu hivyo hivyo mwaka 1811. Ndoo ya asali ya lita 20 ina kama kilo 28, sivyo Mama? Sasa 28 ni namba kamilifu: vigawo vyake 1, 2, 4, 7 na 14 ukivijumlisha unapata 28 yenyewe. Kila namba tasa ya umbo la Mersenne inazaa namba kamilifu moja. 7 inazaa 28, kwa kuzidishwa na 4. Hii yako ukiizidisha kwa 2 kipeo cha 30 inazaa 2305843008139952128. Barlow alisema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa sababu ni za kupendeza tu, hazina matumizi, nani atajisumbua kutafuta nyingine.

Alidhani amefika Kigoma mwisho wa reli, kumbe alikuwa Tabora stesheni, anabadilisha behewa. Namba yako iliendelea kuwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka 1867. Mwaka 1876 Lucas akathibitisha ya kipeo cha 127, yenye tarakimu 39, kwa mkono. Oktoba 2024 ikatangazwa ya kipeo cha 136279841, yenye tarakimu 41,024,320, aliyoipata Luke Durant wa Marekani kwa kompyuta nyingi zilizotawanyika nchi mbalimbali. Kuiandika ungehitaji kaunta buku 86 za kurasa 400, kama kila ukurasa una mistari 30 na kila mstari unabeba tarakimu 40. Na mpaka leo namba tasa za Mersenne zinazojulikana ni 52 tu.

Kuhusu kisanduku cha kompyuta kujaa hasa kwenye namba tasa, hiyo ni bahati tu. Kile cha nafasi 64 alichokitaja Fundi kinajaa kwenye 2 kipeo cha 63 toa 1, na 63 inapangika tatu tatu, kwa hiyo inagawanyika kwa 7. Mafundi hawakuchagua.


MamaAsali_Isevya

Mwalimu, nimefunga duka saa 12, nikawasha taa, nikakaa na mwanangu.

Ya 127. Tulianza na 4. Nne mara nne 16, toa 2, ni 14. Kumi na nne mara kumi na nne toa 2, ni 194, toa 127, baki 67. 67 mara 67 ni 4489, toa 2, 4487, 127 inaingia mara 35, baki 42. 42 mara 42 toa 2 ni 1762, inaingia mara 13, baki 111. Hapo nikasema haya, imeshindikana, 111 ni mbali na sifuri na imebaki hatua moja. 111 mara 111 ni 12321, toa 2 ni 12319. 127 mara 97 ni 12319. Sifuri! Kama mzani uliotolewa ndoo. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Ya 2047 mara ya kwanza ilitukataa, nilisahau kutoa 2 katikati. Tulipoirudia tukapita 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na ya tisa 1736. Si sifuri. Yaani tungejua inagawanyika bila kuiona 23 wala 89. Hapo ndipo nilipokuvulia kilemba. Ni kama kujua ndoo ina maji ya sukari bila kijiti.

Yangu yenyewe hatukuiweza, kikokotoo kina tarakimu 12 na ukizidisha inamwagika. Nimemwuliza mwanangu kama tunaweza kuipiga kwa kalamu, hatua 29. Amesema likizo imebaki siku nne.


Fundi_Mwanga_Kigoma

Mama, mimi nimeipitisha kwenye kompyuta usiku huu. Mistari sita ya programu, hatua 29, imeishia sifuri. Ila kwa kuzidisha nimetumia kisanduku cha nafasi 64, maana kile cha 32 kingejaa hatua za mwanzo tu na kunipa uongo kama ulivyopewa wewe.


MamaAsali_Isevya

Ahsante mwanangu. Safu ya simu imeshabadilishwa kuwa maandishi. Kati ya wale 61 nimebakiza 14, wengine wino wa kaunta buku ulishalowana asali na inabidi niwaulize majirani zao. Mzee wa Kitunda nimemwandika wa kwanza, sifuri yake mbele. Nimempigia. Amepokea, akauliza ni nani.